Kutafsiri Kiswahili kwa Kiswahili

Mpaka mwanzoni mwa mwaka 1957, Jonah Kipkemei hakuwa amewahi kujiuliza anasema lugha gani. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na mitano, mwembamba, mwenye kovu la bomba la injini kwenye mkono wa kushoto, na kazi yake ilikuwa kuendesha na kutunza gari la matangazo la ofisi ya mifugo pale Nakuru. Gari lenyewe lilikuwa la kijivu, limefungwa vipaza sauti viwili juu ya paa, na ndani yake kulikuwa na mashine ya umeme iliyokataa kuwaka kwa mtu mwingine yeyote. Jonah aliisikiliza kama mtu anavyosikiliza kifua cha mtoto mwenye homa, akaigonga mahali pake, nayo ikaitika.

Alizaliwa Rongai, kwenye shamba la mkonge la Mzungu. Mama yake alimlea kwa Kitugen, lakini hatua kumi nje ya mlango wao palikuwa na Wakikuyu, Wajaluo, Waturkana na Wakipsigis, wote wakikata mkonge mmoja na kuchota maji kwenye bomba moja. Hapo ndipo alipookota Kiswahili. Alikivaa kila siku, hakumbuki alianza lini. Vita vilipokuja alikwenda nacho jeshini, kikamfikisha Burma na kumrudisha na viungo vyake vyote. Aliporudi akamwona Nasimiyu, binti wa mpishi mmoja Mbukusu huko Njoro. Nasimiyu hakujua neno la Kitugen. Jonah hakujua neno la Kibukusu. Walipendana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, wakapatana kwa hichohicho, na watoto wao wawili, Jelagat wa miaka minane na mdogo wake, hawakuwa na lugha nyingine ya kulilia.

Mwezi wa Machi ofisi ilimwagiza aende stesheni kumpokea mtangazaji mpya kutoka Mombasa. Mkubwa wao, daktari wa mifugo Mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Pirichi kwa kuwa jina lake halisi liliwashinda, alisema sasa serikali imepata mtu wa Kiswahili safi kabisa.

Mtu huyo alishuka garimoshini amevaa kanzu nyeupe chini ya koti zito la sufu, kofia ya viua kichwani, meno yakigongana kwa baridi ya asubuhi. Jina lake lilikuwa Mselem bin Khatibu. Alikuwa na sanduku moja, gunia dogo la mchele, na kikapu kilichojaa nazi.

"Jambo, bwana," Jonah akasema. "Wewe ndiyo bwana ya kutangaza? Mimi nimetumwa kuleta wewe."

"Kuniletea nini?"

"Hapana leta kitu. Kuleta wewe. Kwa ofisi."

Mselem akamtazama, kisha akaelewa, na uso wake ukafunguka. "Aa! Kunichukua. Basi nilete, bwana, nilete."

Akacheka, na Jonah naye akacheka, ingawa hakujua wanachekea nini.

Njiani Mselem alikuwa na maswali. Je, ni kweli simba huingia mjini? Ni kweli watu wa huku hunywa damu, na badala ya kukoga hujipaka mafuta ya kondoo? Jonah alijibu kila swali kwa uaminifu. Simba hapana, fisi ndiyo wako, huko nyuma ya kichinjio. Damu, ndiyo, wazee wengine wanakunywa, na maziwa. Kuoga wanaoga.

"Naona wote wamevaa nguo," Mselem akasema wakipita sokoni, akigeuka huku na huku. "Mimi kwetu niliambiwa vingine. Hata nazi nimebeba, niliambiwa huku bara hakuna chakula cha mtu."

Jonah alifikiri maneno hayo mpaka jioni. Hakujua kama ametukanwa. Mtu yule alisema bila ubaya wowote usoni, kama anayesema habari ya mvua. Na yeye mwenyewe alikuwa amekula mahindi na maharagwe maisha yake yote. Kama si chakula cha mtu, kilikuwa cha nani?

Matangazo ya kwanza yalikuwa Solai. Sotoka, tauni ya ng'ombe, ilikuwa imeonekana upande wa kaskazini, na ng'ombe wote wa wafanyakazi wa mashamba walitakiwa waletwe siku ya Alhamisi. Jonah aliegesha gari penye uwanja karibu na nyumba za wafanyakazi, akawasha mashine, na Mselem akashika kipaza sauti kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika ua.

"Enyi mabwana na mabibi, wafugaji wa Solai! Maradhi ya sotoka yamezuka. Siku ya Alhamisi, alfajiri, ng'ombe wenu wote, wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo, watachanjwa. Msimfiche hata mmoja. Atakayekaidi amri hii atachukuliwa hatua kali."

Jonah alipenda sauti ile. Ilipanda mahali asipotarajia, ikapumzika, ikashuka polepole. Watu waliacha kazi zao wakasikiliza kimya, na hakuna aliyeuliza kitu. Ila neno moja lilimkwaruza. Yeye alijua kuchanja kuni. Alipokuwa kijana alichanja kuni za jikoni kwa Mzungu kila asubuhi kwa shoka. Lakini alijiambia kwamba mtu wa Mombasa hawezi kukosea Kiswahili, pengine neno lina tumbo lingine asilolijua. Alitaka kuuliza. Asubuhi hiyo, hata hivyo, Mselem alikuwa amecheka mpaka machozi kwa sababu Jonah alisema "gari imelala na njaa" akimaanisha petroli imekwisha, na Jonah hakutaka kuchekwa mara mbili kwa siku moja. Akazima mashine.

Siku ya Alhamisi Bwana Pirichi alifika na sindano zake, dawa ndani ya barafu, na wasaidizi wanne. Ng'ombe wa mwenye shamba walidungwa wote. Wa wafanyakazi hakuja hata mmoja. Jua lilipanda, barafu ikaanza kuyeyuka, na Bwana Pirichi akawa mwekundu shingoni.

"Wewe natangaza nini?" akamfokea Mselem. "Ngombe iko wapi?"

"Nimewaambia waziwazi, bwana. Hawa ni watu wa bara. Vichwa vyao vigumu."

Jonah aliagizwa akazunguke nyumba kwa nyumba. Alikuta maboma matupu. Usiku uliotangulia ng'ombe walikuwa wameswagwa mpaka msituni, kwenye miteremko ya Bahati, mahali ambapo siku zile kuonekana tu kulitosha mtu kupigwa risasi. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mjane mmoja wa Kipsigis aitwaye Chepngeno. Alikuwa ameketi mlangoni, na nyuma yake kamba tatu zimetandazwa nyama mbichi inayokaushwa kwa moshi. Alimsemesha Jonah kwa Kikipsigis, kinachosikilizana na Kitugen, nacho kilimtoka bila kigugumizi; neno la gari tu ndilo alilolitamka kwa Kiswahili.

"Umekuja kuchukua vipande vyenu, mwanangu? Mmechelewa. Nimechanja mwenyewe."

"Umechanja nini, mama?"

"Mtamba wangu. Yule mwekundu, aliyekuwa na mimba. Gari lenu lilisema ng'ombe wote watachanjwa, wakubwa kwa wadogo. Nikasema, kama ni kupasuliwa kama kuni, heri nimpasue mimi niliyemlea, nile nyama, kuliko kupasuliwa na serikali nisione hata ngozi."

Jonah alitafuta mahali pa kukaa, akakosa, akachuchumaa. Tangu hali ya hatari itangazwe, kipaza sauti kilikuwa kimewaletea watu hawa amri ya kutotembea, amri ya kuhama, amri ya kupunguza mifugo. Kwamba sasa kimeleta amri ya kuchinja ng'ombe kwa shoka, hakuna aliyeona ajabu.

"Ilikuwa sindano, mama," akasema. "Sindano tu ya shingoni, ng'ombe asiugue. Hakuna aliyetaka kuwaua."

Chepngeno aligeukia kamba zake za nyama. Hakulia. "Basi kwa nini hamkusema sindano?"

"Neno lile lina maana mbili."

"Kwa nani?"

Jonah aliinuka. Alirudi kwenye gari, na hata leo hakuna anayeweza kusema kwamba alichofanya baadaye kilikuwa ushujaa. Kilikuwa aibu. Aliwasha mashine, akamwomba Mselem kipaza sauti, na kabla Mselem hajauliza anakitakia nini, alikuwa ameshaanza.

"Nyinyi watu ya Solai! Mimi Jonah, mtoto ya Rongai. Sikia mimi. Ile maneno ya juzi ilikuwa na makosa. Ng'ombe hapana katwa! Ng'ombe tapigwa sindano, hapa kwa shingo, halafu anarudi kwa boma yake anakula nyasi. Hapana kufa. Hapana shoka. Leteni yeye saa hii, daktari anangoja, dawa inaharibika!"

Kisha mtu akacheka huko kwenye nyumba, mwingine akapiga mluzi kuelekea msituni. Kabla ya saa tisa ng'ombe zaidi ya mia moja walikuwa wamesimama mstarini.

Bwana Pirichi alifurahi mno. Tangu siku hiyo, akaamuru, Mselem atasema kwanza, kwa kuwa ndiye mtangazaji wa serikali, na Jonah atasema nyuma yake. Ndivyo ilivyokuwa, Subukia, Njoro, Molo na kurudi. Mselem alisema "alfajiri," Jonah akasema "asubuhi mapema." Mselem alisema "zizini," Jonah akasema "kwa boma." Watu walianza kuja kwa ajili ya kichekesho kile tu, Mswahili na mkalimani wake wa Kiswahili.

Mselem hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha mbele akitazama nje, koti limefungwa mpaka kidevuni. Siku moja wakitoka Subukia aligeuka.

"Ati, Jonah. Nyumbani kwako, wewe na mkeo, mwasema lugha gani?"

"Kiswahili."

"Hiki unachosema kwenye kipaza sauti?"

"Ndiyo. Hii."

Mselem akatikisa kichwa, taratibu, bila chuki, na hilo ndilo lililouma. "Usikasirike, bwana. Lakini hicho si Kiswahili. Sijui ni nini, ila Kiswahili sicho. Umeitia lugha yangu matope mpaka siijui sura."

Jonah aliendesha gari mpaka mjini. Kichwani mwake swali moja lilikuwa likizunguka. Kama sicho, basi mimi na Nasimiyu tumekuwa tukiambiana nini miaka hii yote?

Jioni hiyo Jelagat alikuja na ndoo. "Baba, mama anasema maji imeisha."

"Maji yameisha," Jonah akasema.

"Ndiyo, imeisha."

"Yameisha. Sema yameisha."

Mtoto akamtazama mama yake. Nasimiyu aliacha kusonga ugali. Jonah hakukoma hapo. Kwa siku nyingi aliwasahihisha mezani, mlangoni, hata kanisani. Alikuwa ameanza kuandika kwenye daftari maneno aliyoyasikia kwa Mselem, na kila alilolijua alilitumia nyumbani kama mtu mwenye nyundo mpya. Jelagat, aliyekuwa mtoto wa kuongea tangu asubuhi, akawa anajibu kwa kichwa. Mdogo wake aliomba maji kwa kunyoosha kidole.

"Nani amekufa huko kazini?" Nasimiyu akauliza siku moja watoto walipotoka. "Hii nyumba imekuwa kama matanga."

"Nataka tuseme vizuri. Tunasema makosa, mama Jelagat. Yote ni makosa."

"Nani amesema?"

"Mwenyewe. Mwenye lugha."

Nasimiyu alifuta mikono kwenye leso, akaketi mbele yake. "Wewe ulikuja kwa baba yangu ukasema, 'Mimi nataka huyu msichana, mimi tachunga yeye.' Mimi nilisikia nikiwa jikoni. Nilikubali wewe na hiyo Kiswahili. Sasa unataka nikubali wewe mara ya pili, na ile ingine?"

Jonah alifungua mdomo. Alitaka kujibu jambo zuri, na jambo hilo lilikuwapo, alilihisi kabisa, lakini lilimjia kwa sura mbili, ya zamani na ya daftari, zikasongamana mlangoni na hakuna iliyotoka.

Mwezi wa Juni Mselem alimwomba ampeleke Solai siku isiyo ya kazi. Hakueleza kwa nini. Walipofika alinyoosha moja kwa moja mpaka kwa Chepngeno, akavua viatu mlangoni, akatoa ndani ya koti lake leso mpya iliyokunjwa, akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, macho chini. Alisema kwamba ulimi wake umemdhulumu mtu asiyemjua, kwamba tangu asikie habari za mtamba yule hajala akashiba, kwamba anaomba radhi kwa Mungu na kwake. Yalikuwa maneno mazuri kuliko yote aliyowahi kuyasema kwenye kipaza sauti.

"Anataka nini?" Chepngeno akamwuliza Jonah. "Anataka kununua ngozi?"

"Anasema pole, mama. Kwa ajili ya mtamba."

"Yote hayo ni pole?"

"Yote."

Chepngeno aliipokea leso, akaigeuza upande huu na huu. Akaingia ndani na kutoka na kibuyu cha maziwa yaliyolala, ya kijivu kwa majivu ya mti, akammiminia Mselem kikombe. Jonah alijua kabisa kwamba mtu yule hatakunywa. Mselem aliyatazama maziwa, akasema bismillahi, akayanywa yote, kisha akafunga macho. Kama ni kwa utamu au kwa kichefuchefu, Jonah hakuweza kujua, na hakuuliza. Njiani kurudi Mselem alisema tu, "Pole. Neno moja. Ningesema hilo moja."

Huenda Jonah angeanza kuelewa mambo tangu hapo kama si lile la mtaa wa Bondeni, pale Nakuru. Siku ya malipo walikuwa wameketi kwa muuza kahawa mmoja, mzee mzaliwa wa Mombasa, na Mselem alikuwa akieleza jambo kwa furaha. Mzee alimkatiza.

"Wewe Mombasa kwenu wapi?"

"Mombasa... kwetu hasa ni Vanga," Mselem akasema kwa sauti ndogo.

"Nilijua! Nimeisikia!" Mzee akapiga paja, akaligeukia benchi zima, akaiga vile Mselem alivyotamka neno fulani, kisha akalitamka vile litamkwavyo Mombasa. Waswahili wote waliokuwa pale wakaangua kicheko. "Mtu wa shamba kabisa huyu! Kwao wavua pweza tu, na lugha yao hata mwenyewe wa Mombasa ataka mkalimani!"

Mselem alicheka pamoja nao, lakini masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Jonah alirudia matamshi yote mawili kimoyomoyo, jinsi Mselem alivyosema na jinsi mzee alivyosema. Hakusikia tofauti yoyote. Hilo lilimtisha. Alikuwa amedhani Kiswahili chenyewe kiko Mombasa, kama bahari ilivyo Mombasa. Sasa ilionekana hata huko kulikuwa na mlango mwingine, na nyuma yake pengine mwingine, na kila mlango ulikuwa na mtu anayecheka.

Walipotoka nje alimwambia, "Bwana Mselem, mimi naona Kiswahili yako ni nzuri."

"Na wewe ni nani wa kuniambia?" Mselem akafoka, kwa mara ya kwanza tangu waonane. Hatua chache mbele akasimama. "Nisamehe," akasema. Kisha, "Lakini ni kweli, wewe ni nani?" Akawa kama anauliza hasa, anataka kujibiwa.

Mwaka uliofuata Bwana Pirichi alimwandikisha Jonah kwa mtihani wa lugha ili apandishwe cheo cha mtangazaji msaidizi. Mselem alimfundisha miezi mitano kwenye ngazi za nyuma ya ofisi, siku nyingine kwa upole, siku nyingine akitupa chaki. Karatasi ilipofika kutoka Nairobi, nusu ya maswali ilihusu bahari. Waliulizwa maana ya tezi na omo za chombo, ya misimu ya kusi na demani. Jonah, aliyeiona bahari mara mbili tu, wakati wa kwenda vitani na wakati wa kurudi, aliandika kwamba demani ni mnyama mdogo. Alipata thelathini na nne kwa mia.

"Pole sana, Jona," Bwana Pirichi akamwambia, akionyesha cheti chake mwenyewe kilichotundikwa ukutani. "Kiswahili yako hapana mzuri. Mimi napata themanini."

Mselem aliposikia alishikwa na hasira. "Demani! Mtu wa Rongai aulizwa demani ya nini? Waende waulize huyo Mzungu wao!" Jonah akaanza kuona faraja. Lakini Mselem alikuwa ameichukua karatasi, anaisoma, na hasira yake ikageuka njia. "Na wewe nawe, bwana! Wingi wa uso ukaandika 'mauso'! Baada ya miezi mitano! Mauso!" Jonah alisimama kati ya hasira hizo mbili asijue ipi ni yake.

Mwanzoni mwa mwaka 1959 Mselem alipata habari kwamba mama yake hajiwezi, akaacha kazi, akaondoka kwa lori la mizigo alfajiri moja kabla ofisi haijafunguliwa. Hawakuagana. Ofisi haikuleta mtu mwingine. Jonah aliambiwa aendelee kwa muda, cheti au bila cheti.

Tangazo lake la kwanza peke yake lilikuwa Rongai, mahali alipozaliwa. Alishika kipaza sauti, akaanza. "Nyinyi watu ya... Enyi wafugaji. Ng'ombe yenu... ng'ombe zenu... ng'ombe wenu..." Sauti yake mwenyewe ilimrudia kutoka kwenye bati la ghala, ngeni kama ya mtu mwingine. Neno la zamani lilipokuja alilionea haya. Neno la daftari lilipokuja hakuliamini. Mashine ilinguruma bila maneno mpaka watu wakaanza kutazamana.

"Jona!" mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Wewe sema tu!"

Akasema. Hakukumbuka baadaye alisema nini, ila lilikuwa fupi, na sindano ilikuwamo. Siku ya siku watu wengi walileta ng'ombe wao, wengine hawakuleta, kama kawaida. Hakuna aliyemcheka, na hakuna aliyemsifu. Alimwuliza mzee yule kama alielewa. Mzee akajibu kwamba ameelewa, lakini Jona siku hizi anasema kama mtu aliyetoka hospitali.

Nyumbani alikuwa ameacha kusahihisha watu. Jelagat alirudia kuongea, ingawa sasa alisema "maji yameisha" mbele ya baba yake na "maji imeisha" kwa mama yake, na alipita kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kukanyaga chochote. Jonah alimsikiliza kwa wivu.

Mwezi wa Aprili barua ilikuja kutoka Vanga. Mselem aliandika kwamba mama yake amepata nafuu. Siku ya kwanza alipofika alikuwa amechoka kwa safari, akasema mlangoni, "Mimi nataka chai." Ndivyo lilivyomtoka. Mama akainuka kitandani, mgonjwa vile, akamwuliza amekuwa mpishi wa Mzungu gani. Sasa kijiji kizima kinamwita Mtu wa Bara. Watoto humfuata wakimwomba aseme kile Kiswahili cha huko. Mwishoni aliandika: "Sijui nikucheke au nikulilie, Jonah. Nijibu."

Jonah alimsomea Nasimiyu. Nasimiyu alicheka mpaka akashika ubavu. Jonah alimngoja amalize, akamwuliza kinachochekesha ni nini. Yeye alihisi kitu kama furaha na kitu kama kumwonea mtu huruma, na chini ya hivyo kitu cha tatu asichokijua jina katika lugha yoyote. Nasimiyu alifuta macho, akasema hata yeye hajui.

Jonah alichukua kalamu. Aliandika "Kwa bwana Mselem," akakwama. Amwandikie kwa Kiswahili gani? Akiandika cha daftari, Mselem atahesabu makosa. Akiandika chake, pengine Mselem atadhani anadhihakiwa.

"Niandike nini?" akauliza.

Nasimiyu alikuwa dirishani, akitazama maji yakitiririka kwenye mfereji. "Mwambie mvua imenyesha."

Jonah alilipima neno hilo upande huu, akalipima upande ule. Halikuwa na mlango wa kuchekewa mahali popote, si Rongai, si Vanga, si Mombasa. Akaliandika kwa mwandiko mkubwa. Mstari wa pili ulimchukua siku tatu.